Kitambulisho cha Nyigu

Mama alibisha hodi akiwa keshaingia.
"Wachungulia nini usiku huu?"
Uchi wa nyigu, nikasema.
Akajifunga leso upya, akaketi mbali na hadubini
kama aketiye mbali na mgoni.

Nimewatoa mahali pawili.
Hawa ni wa Mkomani, nyumba ile iliyoanguka dari:
walikwangua mlango wa msaji, wakautafuna,
wakautema karatasi chini ya boriti.
Na hawa ni wa Matondoni, kwenye makuti
ya banda la punda wa Bwanakheri.
Majike ni wale wale. Wekundu wa tumbaku,
mstari wa manjano kiunoni;
wachanganye kiganjani, ukithubutu,
hutajua yupi wa wapi.

Kwa hiyo nilingoja madume.
Huja mwisho mwisho, mvua ikishakatika,
uso umepauka kama wa aliyepaka liwa,
ncha za vipapasio zimejikunja.
Hawana mwiba.
Hilo nilimwambia Mama mapema, ili asogee.
Hakusogea.

Ncha ya tumbo nailaza kwenye potasi, nyama iyeyuke.
Sindano mbili. Pumzi nimeibana.
Navuta koleo la rangi ya kaharabu,
dogo, nusu ya punje ya mtama:
taya mbili, kidole, na katikati upanga,
na ukingoni mwa upanga, meno.
Hayo meno ndiyo mambo.
Wa Mkomani ana mengi, membamba, msumeno wa chuma.
Wa Matondoni ana machache, butu, kitana cha kurithi.
Basi. Si ndugu hawa.

Mjomba Shebwana, fundi wa makomeo pale Langoni,
alipoona mchoro wangu alicheka:
"Kumbe ni ufunguo!"
Nikamwambia wa zamani walisema hivyo,
kila kufuli na ufunguo wake,
ila siku hizi wanabishana.
"Wabishane," akasema. "Komeo langu mwenyewe
juzi limefunguliwa kwa msumari."

Jumatatu nilikuwa kwa chifu. Mara ya nne.
Jina la baba? Jina la babu, mzaa baba?
Wazee watatu kwenye benchi
wakanisoma pua, wakanisoma paji,
wakaulizana kwa macho.
Kwenye cheti changu, pa baba pana mstari.
Mstari tu, wa kalamu ya bluu.
"Rudi na shahidi."

Dume la nyigu hana baba.
Si tusi, ndivyo azaliwavyo:
yai lisiloguswa na mbegu huangua dume.
Babu anaye. Baba hana.
Na ni huyo huyo, mwana wa mama peke yake,
anayejibia ukoo mzima
ukiulizwa, nyinyi ni akina nani?

Nilisema hayo kwa sauti, bila kukusudia.
Kiti kikakwaruza sakafu.
Mama akainama, akafumba jicho moja,
akakawia, nikadhani amesinzia.
"Mbona kazi safi," akasema.
"Kama nakshi."

Nikachukua kibandiko, na wino usiofutika.
Lamu, Mkomani. Boriti ya tatu. Dume.
Aliyekusanya:
Swafiya wa Mwanakombo.