Walimu Wanakwenda Choquequirao

Siku ya kwanza tuliteremka tu.
Watu hudhani mlima ni kupanda;
huu kwanza hukushusha hadi kooni mwa mto,
magoti yakilia kama bawaba,
ndipo uanze kukudai kila hatua uliyoipata bure.

Walikuwa saba, walimu wastaafu kutoka Abancay.
Walichanga pensheni miaka miwili
waje kuuona mji waliouchora kwa chaki
miaka arobaini, bila kuuona.
Mwalimu Fortunato wa hesabu, goti ndani ya bendeji.
Mwalimu Zenobia, na redio isiyoshika chochote.
Na juu ya nyumbu wangu, Mjane,
Mwalimu Domitila,
aliyewahi kunipiga rula vidoleni
kwa kusema Kikechua darasani.

Hakunitambua.
Mimi nilimtambua kwa kikohozi.

Usiku, kando ya Apurimac, visubi walitula hadi masikioni.
Nilimmiminia maji moto kwenye beseni, akatia miguu,
akaniuliza kwa Kihispania kilichonyooka kama mstari wa daftari:
"Kijana, mto huu unasema nini usiku kucha?"
Nina miaka hamsini na mmoja.
Nikamjibu: "Wanaelewa wenye lugha yake."
Akanyamaza. Miguu ikabaki majini
hata maji yalipopoa.

Siku ya pili, kona juu ya kona.
Fortunato alizihesabu kwa sauti;
kwenye ya thelathini na nne hesabu ikampotea,
akaketi juu ya jiwe, akacheka mpaka machozi.
Tukampa majani ya koka na kipande cha sukari guru.
Penye maporomoko Mjane akagoma.
Nyumbu haijui rula.
Nikamnong'oneza maneno ya marehemu baba,
*hamuy, mamay, hamuy*, njoo, mama, njoo,
akapita, mwalimu mgongoni, macho kayafumba,
midomo ikinifuatiza chinichini
kama mtoto anayeogopa kuitwa ubaoni.

Siku ya tatu tulifika, tukakuta ukungu.
Mji wote, mweupe, haupo.
Tukala mayai ya kuchemsha, maganda mfukoni.
Zenobia akazima redio, kwa heshima, nadhani.
Ukungu ulipoachia, uliachia pembe moja tu:
matuta, na ukutani llama wa mawe meupe
wakipanda kwa safu.
Fortunato akapima mlango kwa shubiri zake.
Domitila hakutazama mlango.
"Nani hufyeka majani haya?"
"Baba yangu alifyeka. Kibarua, miaka kumi na mmoja.
Yule llama wa tano alimsugua kwa brashi ya viatu."
"Hilo sikulifundisha."
Kisha: "Wewe ni wa nani?"
"Huamani. Meliton. Dawati la nyuma."
Akatazama vidole vyangu, si uso.
Kimya kirefu. Tai akapita chini yetu.
"Na llama, kwa lugha yenu, anaitwaje?"
"Llama, mwalimu.
Neno hilo mlilichukua kwetu."

Kurudi, alitembea kwa miguu yake,
Mjane akabeba redio.
Penye maporomoko nyumbu akasimama tena.
Nilikuwa mbele mno, kamba mkononi mwake.
Nikamsikia akikohoa, akivuta pumzi,
akilitamka lile neno.
Alilikosea.
Mjane akaja hata hivyo.