Kama Jina ni

Kompyuta ilikuwa moja, sisi tulikuwa watatu,
na faili la mipangilio moja vilevile,
kwenye seva ya hospitali, hapa Sunderland.
Programu ya kuhesabu seli za damu hulisoma kabla haijaamka.
Haiulizi unatoka wapi. Huuliza jina la kuingilia tu,
kisha hushuka mstari kwa mstari:
kama jina ni huyu, basi hivi;
kama ni yule, basi vile.

Majina yenyewe yalipita chini ya mkasi.
Herufi nane, hakuna nyongeza.
Maureen Hetherington alibaki mhetheri,
neno ambalo ungeapa ni la Kiswahili
mpaka ulitafute kwenye kamusi.
Piotr Wasilewski akawa pwasilew,
nami kila nikimwona kwenye orodha nasoma "wasile",
najiuliza nani kakatazwa chakula, na kwa kosa gani.
Langu, zmakungu, lilienea bila kupunguzwa.
Nilijivunia hilo wiki nzima. Sikuwa na jingine la kujivunia.

Maana wiki ile faili halikunijua.
Nilishushwa hadi mwisho kabisa,
kwenye neno linalowapokea wasiotajwa: vinginevyo.
Vinginevyo, herufi ndogo. Vinginevyo, kijivu juu ya kijivu,
kengele kila ukikosea,
tarehe za Kimarekani, mwezi mbele ya siku.
Nalijua neno hilo. Nilishasimama ndani yake
kwenye fomu ya uhamiaji, kwenye fomu ya daktari wa meno,
kisanduku cha mwisho, chini ya visanduku vyenye wenyewe.
Sikulalamika. Mgeni hachagui rangi ya mkeka.

Jumatatu ya pili, saa tisa usiku,
mvua dirishani, sampuli arobaini zinasubiri,
nikaingiza nywila, kioo kikabadilika:
kijani tulivu, kengele kimya,
na juu kabisa, KARIBOO ZUWENA.
Kwa o mbili.
Nikafungua faili. Mstari mpya, na maelezo
baada ya alama ya reli:
"Anatumia mkono wa kushoto. Hapendi kelele. M."
Hatukuwahi kuzungumza juu ya mkono wangu.
Aliutazama tu, ukivuka meza kukifuata kipanya.

Ile o ya pili sijaifuta.
Piotr aliwahi kunisahihishia; nikairudisha.

Maureen kastaafu mwezi wa Machi. Watu wa mitambo
waliifunga akaunti yake alasiri hiyohiyo, keki haijaisha.
Lakini mstari wake umo bado:
kama jina ni mhetheri, basi herufi kubwa, manjano juu ya weusi,
kwa macho yaliyokuwa yakimwacha polepole
naye akiuita uchovu.
Mashine huupitia kila asubuhi. Huuliza, haipati jibu, husonga.
Piotr anasema tuufute, ni takataka.
Kwa kanuni za kazi, ana haki.

Leo nimehesabu slaidi moja mara mbili, nikapata hesabu mbili.
Nikasogea karibu na kioo, kisha karibu zaidi.
Chai imepoa. Nje shakwe wanagombea kitu kwenye maegesho.
Nimefungua faili, nimeutafuta mstari wa Maureen,
na sikufuta kitu.
Kati ya jina lake na langu
nimeandika neno moja, herufi mbili:
au.