Neno Moja la Kasuku

Vizma, ufunguo wako nimeufunga uzi mwekundu
nisiuchanganye na wangu,
ingawa mara mbili sasa nimesimama mlangoni pangu
nikihangaika kufungua kwa wako.

Ilianza na wikendi moja ya Novemba.
"Skaidrīte, paka hana makuu. Anakula, analala."
Nikasema haya.
Haya ni neno lisilo na mfupa,
huteleza ulimini kabla akili haijavaa viatu.
Tena lina pacha wake:
kuna haya ya kukubali, na kuna haya ya kuona haya.
Nilisema ile kwa kuiogopa hii.

Kisha Muris akapata kisukari.
Sindano saa moja asubuhi, sindano saa moja jioni,
nami natoka zamu, nimekesha nikidunga binadamu,
navuka Daugava tramu ikinung'unika juu ya barafu
kwenda kumdunga paka anayenitazama kama mdai.
Kisha ukaja na kasuku, urithi wa shangazi yako,
Ferdinands, shingo imenyonyoka manyoya, hasira tele.
"Atamliwaza Muris," ulisema.
Hakumliwaza mtu.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
ila jembe nililishika mimi,
nikikwangua kinyesi kwenye migongo ya vitabu vyako.

Na sikukutajia usiku ule wa Juni,
usiku mfupi kuliko yote, Riga nzima imehamia mashambani,
watu wamejivika majani ya mwaloni,
jibini yenye kisibiti, mioto hadi alfajiri.
Dada yangu aliniwekea kiti.
Nilikaa dirishani kwako na bomba la sindano,
barabarani hamna hata mlevi.
Nawe ukaniletea sabuni kutoka Lisbon.
Sabuni, Vizma.
Yenye umbo la dagaa.

Ferdinands anajua neno moja tu.
Ukimpa tufaha: hapana.
Ukifunika tundu lake: hapana.
Ukimwamkia: hapana,
kavu, bila samahani, bila "unajua mwezi huu,"
kisha analila tufaha lile lile
na hakuna anayemchukia.

Nikavuta kiti.
Uuguzi nilisomea miaka minne;
kwa kasuku nilisoma jioni kumi na moja.
Nilikuwa nikisema, "Hapana, lakini..."
naye ananikata: hapana.
"Hapana, labda mwezi wa tatu..."
Hapana.
Muris juu ya kochi, jicho moja wazi,
kama msimamizi wa mtihani.

Jana ukapiga simu. Krete, siku tisa, tiketi zimeshalipwa.
Nilikuwa soko la Āgenskalns, mkate mweusi kwapani,
muuza samaki ananyoosha mkono wa chenji.
Nikasema hapana.
Moyo ukanienda mbio kama wa mwizi.
Nikangoja lawama. Nikangoja kwikwi.
Nikangoja unihesabie mema yako, nayo yapo:
ndiwe uliyelala sakafuni kwangu siku kumi mama alipokufa,
ukiosha vikombe usiku ili nisikie kuna mtu.
Sijasahau. Ndiyo maana ilichukua miaka sita.

Ukasema, "Ah, sawa. Nitamwuliza Gundars."

Sawa.
Basi.
Muuza samaki akanikumbusha chenji yangu.
Miaka sita nilidhani nashikilia ukuta usianguke;
kumbe niliuegemea.

Leo jioni, saa moja kasorobo, nimejikuta nimevaa koti,
mkono mfukoni unachezea uzi mwekundu.
Hujauomba ufunguo, nami sijaurudisha.
Nimevua koti.
Nimekata tufaha vipande vinne, kama anavyopenda yule mwovu,
nikajiuliza kama nalitaka.

Hapana, nikasema, kwa sauti, jikoni.

Nikalila.