Baki

Fomu inauliza: Waliobaki ni wangapi?
Naandika: mia na kumi na watatu, kati ya mia na ishirini.
Jedwali linaridhika, kisanduku kinageuka kijani.
Ni saa nne na nusu usiku. Mlango wa ripoti hufungwa saa sita kamili,
na birika la kahawa limekauka tangu magharibi.

Ruzuku na riziki, nasikia, ni watoto wa mzizi mmoja.
Riziki huja bila kupiga hodi.
Ruzuku huja na kurasa arobaini na moja,
viambatisho, na sahihi ya mkuu wa chuo.
Silalamiki. Ndiyo iliyonunua taa hii,
ikawalipa wakufunzi sita wa aljebra,
ikaleta kompyuta mpakato thelathini.
Ya Maricruz Ocampo ilirudi na vumbi la shamba kati ya herufi:
aliipakata kweli, kama kichanga,
ndani ya gari, nje ya ghala la kufungashia matufaha,
akiandika insha huku akingoja zamu ya mamake iishe.

Fomu inauliza: Wazazi walishirikishwaje?
Naandika: warsha nne.
Siandiki kwamba Bi Obdulia Carreón alishika kalamu hewani
dakika nzima, kisha akauliza kwa Kihispania,
sauti chini, kama aliye kanisani:
"Nikitia sahihi hapa, atakayedaiwa ni mimi au mwanangu?"
Nikamwambia hakuna deni, hii ni zawadi.
Akacheka. "Miaka ishirini na sita nachuma cheri bonde hili la Yakima,
sijaona zawadi yenye nakala tatu."
Akatia sahihi. Herufi kubwa kubwa,
kila moja imesimama peke yake, kama miti iliyopogolewa.

Fomu inauliza: Walioacha.
Saba.
Sababu: chagua moja tu.

Osiel Zamarripa hana kisanduku.
Baba yake alianguka ngazini Septemba iliyopita,
mapeasi yameiva,
na mapeasi hayajui likizo ya ugonjwa.
Kijana alikuja na buti za tope,
akarudisha kitabu cha takwimu,
akakifuta kwanza kwa mkono wa shati.
Alikuwa na alama tisini na moja.
Hakuaga. Alisema tu:
"Ukurasa wa mia mbili na nane nimeukunja. Samahani."

Kule Michoacán, mwalimu Eufrasia alitufundisha kugawanya.
Kisichogawanyika, alisema, hakitupwi.
Kiandike pembeni. Kiite baki.

Sasa niambie, ewe jedwali, waliobaki ni nani?

Maana Novemba Osiel alileta sanduku la mapeasi, hakuketi.
Aprili akamleta dada yake, Nereida,
miaka kumi na saba, begi amelikumbatia kifuani.
"Huyu ana kichwa chepesi kuliko changu," alisema.
"Mwekeni pale, penye dirisha."
Hakusema kwamba pale palikuwa pake.

Mwisho fomu inatoa nafasi ya maelezo: maneno hamsini.
Nimeandika haya yote, nikayafuta,
nikaacha tisa:
Mwanafunzi mmoja aliondoka. Amemleta mdogo wake. Tunaomba mwaka mwingine.
La kumi lilikuwa "tafadhali". Nimelitoa.

Saa tano na dakika hamsini na saba. Natuma.
Skrini inanishukuru kwa lugha ileile inayomshukuru kila mtu.

Nje, mapeasi yameanza tena kuiva, nayanusa toka egeshoni.
Kesho saa tatu Nereida atakuja na swali lake la wastani.
Kitabu ni kilekile.
Nilijaribu kuunyoosha ule ukurasa, mara moja, kwa kucha.
Nikauacha.