Yasiyoingia Kwenye Kumbukumbu

Nimeandika: Gongoni, Jumamosi, saa nne kasoro robo.
Waliohudhuria sitini na wawili. Ajenda: maji.
Ulifunguliwa kwa Fatiha, kisha Baba Yetu.

Sikuandika kwamba ukumbi ulikuwa wa kanisa
na zulia limebebwa begani kutoka msikitini,
wala kwamba Nyevu wa Mwahoya hakukaa popote,
alisimama mlangoni na dumu la lita ishirini.

Mchungaji Tsofwa alisema subira ina malipo.
Ustadhi Shekuwe akasema ni kweli, lakini
kuku akiatamia yai viza, hiyo nayo ni subira?
Watu wakaangua kicheko.
Nimeandika: "Mjadala uliendelea."

Afisa wa kampuni ya chumvi akafungua faili.
Kisima, alisema, kina magadi tangu enzi za mababu.
Halafu, taratibu, kama mtu anayehesabu chenji:
mabati haya ni sisi,
zulia hilo pia ni sisi.

Waliokuwa vitini wakatazama juu.
Waliokuwa chini wakatazama walipokalia.

Ndipo Nyevu akaingia. Akamimina kikombe,
akampa yule afisa kwa mikono miwili:
"Karibu maji, mwanangu."

Kikombe kikawekwa mezani.
Inzi akatua ukingoni, akaghairi.

Ustadhi akakohoa: "Ya chumvi yafaa kwa udhu."
"Najua," akasema Nyevu. "Na kubatizia yafaa.
Mungu hajalalamika.
Nauliza uji wa mjukuu wangu."

Hakuna aliyemjibu. Mimi katibu
nilivuta miguu chini ya meza:
miaka saba ya kukokota reki kwenye mabwawa yale,
nyayo zangu zina nyufa za kuingia sarafu.
Kalamu ikaandika yenyewe: "Kamati itaundwa."

Afisa alipoinuka, kiwiko chake kilipiga kikombe.
Maji yakapita juu ya kipengele cha tano,
wino ukatawanyika, "kamati" ikawa "ka",
nami nikaianika karatasi dirishani, nikaiwekea jiwe.

Jioni ilikuwa imekauka.
Imeacha ukoko mweupe; ukipapasa, unakwaruza.

Mwenyekiti anataka niinakili upya, safi,
kabla haijafika kwa mkuu wa wilaya.
Nimempigia muhuri huu huu.
Waramba vidole wa ofisini
watakapofunua ukurasa wa pili
wataonja.