Baisa Hamsini

Hazikuwa marumaru.
Nataka hilo lijulikane,
maana shemeji yangu Habib amekwisha kueneza Barka nzima
kwamba nilielemewa na mzigo wa watu.
Ilikuwa sarafu.
Baisa hamsini, imeniponyoka
pale penye pampu ya mafuta, Haima,
saa saba mchana, jangwa limekaa
kama sufuria tupu iliyosahauliwa motoni.
Nikainama kuiokota.
Sikuinuka.

Kijana wa Kibangali mwenye bomba la dizeli
alidhani nasujudu.
Akangoja kwa adabu.
Nami nimekumbatia tairi la mbele,
jasho linadondokea baisa hamsini zangu,
na kiunoni ni kama mtu kafunga komeo
akaenda zake na ufunguo.

Miaka kumi na tisa nimeuendesha mgongo huu:
Barka, Nizwa, Adam, Haima, Thumrait, Salala,
marumaru kwenda, nazi na ndizi kurudi,
wala sikumbuki kuujulia hali hata siku moja.
Lori nalipeleka gereji bila kukosa:
oili, chujio, tairi zipimwe upepo.
Anayembeba dereva
nilimpa chai ya karak na sigara.

Bi Rawhiya wa kliniki
(mamake mtu wa Wete, hana subira na upuuzi)
hakuniuliza nimebeba nini.
Aliniuliza nakaa muda gani bila kushuka.
Nikasema, mpaka tangi liishe.
Akafungua kabati, akatoa uti wa plastiki,
akaukunja polepole, pingili kwa pingili.
"Sarafu umeionea bure," akasema.
"Imekuta kazi imekwisha fanywa."
Nikamwomba ruhusa nilale wiki mbili.
Akanipa kutembea.
Dakika kumi, kesho kumi tena, kisha ongeza.
"Usijilaze kama maiti," akasema. "Zamu yake itafika."

Nyumbani Zuweina hakunipa pole.
Aliandika nyuma ya risiti ya mkate,
akaibandika juu ya kioo cha lori:

*Simama kabla kuchoka, zigo liwe kifuani,*
*Magoti ndiyo hushuka, si uti wa mgongoni,*
*Na pochi uloiweka, itoe makalioni,*
*Mgongo ukiteguka, hauuzwi madukani.*

Basi nashuka Adam.
Nashuka tena kabla ya Haima,
mahali hapana hata mbuzi,
nalizunguka lori mara sita
(si saba, watu wasije wakasema).
Wenzangu wanapita wakinipigia honi.
Wapige.
Kiti nimekivuta mbele, magoti yamepata kupumua,
taulo limekunjwa nyuma ya kiuno.
Sigara nimeacha nusu.
Hiyo nusu nyingine bado tunajadiliana.

Na kiangazi, Barka inapowaka tangu alfajiri,
Zuweina ananichukua mpaka duka kubwa la Sib
kabla wenye maduka hawajafungua.
Tunatembea na akina mama
wenye raba nyeupe chini ya mabaibui,
na bwana mmoja ambaye bakora yake haigusi chini.
Tunapita madirisha ya dhahabu, dhahabu haijatandikwa,
mizunguko mitatu, minne, baridi ya bure.
Chini ni marumaru,
kama zile zile ninazowapelekea watu wa Salala.
Miaka yote hiyo nimezikalia.
Ndiyo kwanza nazikanyaga.

Jana usiku sarafu ilianguka jikoni.
Wote wakanyamaza:
Zuweina, Habib, mtoto na kijiko chake mdomoni.
Nikatanua miguu. Nikakunja magoti.
Nikashuka mzima mzima, kama lifti,
nikaiokota, nikapanda nayo.
Baisa ishirini na tano.
"Mbwembwe zote hizo," akasema Habib,
"kwa robo ya mia?"

Sikumjibu.
Niliitia mfuko wa mbele.