Shaba Mbili

Ami Sulum aliacha mkebe wa halua,
ndani yake shaba mbili za Warumi
zimefungwa kwa karatasi ya duka la vipuri, Ibra.
Hakuandika alizipata wapi. Ndivyo alivyokuwa:
hata maradhi yake tuliyajua kwa risiti.

Ya kwanza mama aliiona ina kutu.
Mama hawezi kuona kutu akalala.
Akaisugua kwa ukwaju na majivu
kama anavyosugua sinia kabla ya Idi,
kama alivyofunzwa Mkunazini,
akaisuuza, akaipangusa kwa pindo la kanga:
"Haya, sasa imetakata."

Imetakata kweli. Inang'aa kama jino.
Kaizari hayumo.
Shingo, taji la majani,
jina lililomzunguka kama ua wa boma,
vyote vimeteremka kwenye beseni,
na maji ya beseni mama kaumwagia mrehani.

Ya pili niliificha.
Usiku naichokonoa chini ya taa kwa mwiba wa mkunazi,
punje kwa punje.
Udongo unatoka kama deni la ndugu.
Wiki ya tatu likajitokeza sikio,
kisha kidevu kilichozoea kuamrisha.
Naigeuza:
askari, mkuki,
na mbele yake mtu anaanguka na farasi wake.
Goti la farasi limekunjika.
Mkono wa mtu umerudi nyuma, vidole wazi,
kama anayesema, ngoja kwanza.

Picha yote haizidi ukucha wa kidole gumba.
Waliichonga ili watu wauone ushindi
wakinunua vitunguu.
Karne kumi na saba, na mkuki ungali njiani.

Mama akanikuta. Akavaa miwani.
"Huyu anayeanguka nani?"
Sijui, mama. Maandishi hayamtaji.
"Na farasi?"
Wala farasi.

Akakaa kimya, feni ikizunguka.
Akaenda chumbani, nikasikia sanduku,
akarudi na pesa ya Unguja,
ile yenye mizani, sahani mbili sawasawa,
aliyoshonewa kwenye pindo la gauni
akiwa na miaka minane, mwaka ule.
Haijanunua kitu tangu hapo.

Akaiweka mezani kando ya yangu.
Nyeusi. Kutu ya kijani imeganda
kwenye kila herufi, kwenye kamba za mizani.

Hii hakuisugua.